Abiria wa Boti ya Delphia

Vesta Combs alipoipinda trela mara ya kwanza akiirudisha nyuma, wanaume waliosimama kando ya mteremko walinyamaza. Alipoipinda mara ya pili, wakacheka. Tena si kile kicheko cha kufunika mdomo kwa kiganja. Ni kile cha kushika mbavu mpaka kahawa inamwagika.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, mwishoni mwa Novemba, kwenye bwawa la Laurel Fork huko milimani Kentucky. Majani yote yalikwisha pukutika isipokuwa yale ya mialoni, makavu na makaidi. Maji yalikuwa yameshushwa kama yanavyoshushwa kila mwaka kabla ya mvua za baridi, kwa hiyo ule mteremko wa saruji wa kushushia boti ulibaki kipande chembamba tu, tope huku, mawe kule. Hata dereva mzoefu angejikuna kichwa. Na Vesta, miaka yote aliyovua hapa, hakuwahi kurudisha trela nyuma hata siku moja.

Kazi hiyo ilikuwa ya Delphia. Delphia Tackett, rafiki yake, ndiye mwenye boti na mwenye pikapu. Mjane wa kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mlima, aliyeendesha malori ya makaa ya mawe mpaka alipostaafu. Delphia angeirudisha trela kwenye uchochoro wowote huku anakula. Lakini bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Jumatatu angepasuliwa, na daktari alimwambia wazi kwamba mambo ya kurusha ndoana ayasahau mpaka atakapoambiwa, na huenda asiambiwe kabisa. Basi alikuwa amesimama pale, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, akitoa amri.

"Shika usukani chini! Chini kabisa, bibi we! Mkono unakokwenda ndiko trela inakokwenda!"

"Nimesikia, Delphia! Na bonde zima limesikia!"

Hobert Tackett, shemeji yake Delphia, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameegemea gari lake akipuliza kahawa. Boti yake ilikwisha ingia majini zamani.

"Mama Abiria!" akaita. "Shuka nikusaidie. Hiyo si sufuria ya maharage ya watoto wa shule."

Kupika shuleni ndiyo iliyokuwa kazi ya Vesta maisha yake yote, na hakuona aibu nayo. Ila jina hilo la Abiria alilichukia. Hobert alimbandika miaka mingi nyuma, likamganda. Katika boti hizi za kuvulia samaki aina ya besi, mwenye boti husimama mbele. Ndiye anayekanyaga pedali ya ile mota ndogo ya umeme, ndiye anayechagua njia, na kila kisiki na kila mwamba ni yeye anayerusha kwanza. Mwenzake hukaa nyuma, akavua maji ambayo yamekwisha pigwa. Vesta alikaa nyuma ya Delphia tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Alikuwa na mto wake aliojishonea mwenyewe, wenye maua ya njano, maana kiti cha nyuma ni kigumu kama benchi la kanisa. Alishika wavu, alimimina kahawa, alifungua mishipi iliyojifunga mafundo. Na alivua, tena alivua vizuri, ila hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Kaa hukohuko, Hobert," Vesta akasema kupitia dirishani, uso umemwiva.

"Nitakaaje? Lazima niizoee hiyo trela. Jumatatu si inakuja bandani kwangu?" Hobert akamgeukia Delphia. "Au hujamwambia, shemeji?"

Kicheko kikakatika. Vesta akamtazama Delphia. Na Delphia, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akawa analikagua bwawa utadhani kuna mtu kalihamisha.

"Hajaniambia nini?" Vesta akauliza.

Hobert akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, Hobert. Mdomo tu ndio uliokuwa ukimtangulia. "Niliomba aniuzie boti. Akasema, Vesta akiweza kuiongoza leo, tangu kushusha mpaka kupandisha, haiuzwi. Akishindwa, nikaichukue Jumatatu akiwa hospitali."

Hasira ilimpanda Vesta. Aliijua boti ile kuliko alivyolijua jiko lake. Humo ndimo alimolia mumewe alipoondoka, humo ndimo alimochekea mpaka akajikojolea siku Delphia alipomvua bata. Leo anaambiwa hadharani kwamba yuko kwenye mtihani, na mtahini wake wala hakumwambia kama kuna mtihani! Akaingiza gia, akasogea mbele, akashika usukani chini kabisa, akarudi nyuma. Trela ikaenda kombo, akairekebisha. Ikaenda kombo upande wa pili, akairekebisha. Gurudumu moja likakanyaga tope na boti ikaingia majini imeinama, lakini iliingia.

"Haya, panda," akamwambia Delphia.

Siku hiyo ilikuwa ya kufunga msimu. Boti saba tu, watu wa bonde moja, wawili wawili. Kila boti huleta besi watano walio hai, wakapimwa mbele ya duka la chambo la Arvil, palepale kando ya maji, kisha wakarudishwa majini. Fedha hakuna. Washindi huondoka na kikaango cha chuma, cheusi, kizito, kilichotoka katika jiko mojawapo la zamani kabla bonde halijafunikwa na bwawa. Hukaa nacho mwaka mzima, na mkate wa mahindi wa karamu inayofuata huokwa humo. Usicheke. Wako watu huko wangekupa gari lao kabla ya kukupa kikaango hicho. Hobert alikuwa nacho misimu mitatu mfululizo, na alikitaja mpaka msibani.

Delphia akajikalisha kiti cha nyuma, mara ya kwanza tangu alipoinunua boti. Akajisogeza huku, akajisogeza kule.

"Kiti gani hiki? Aliyekitengeneza alikuwa na kisasi na nani?"

Ule mto wa maua ya njano Vesta alikuwa ameusukumia ndani kabisa, chini ya deki ya mbele, makusudi.

"Vesta. Nilitaka kukwambia, mwenzangu."

"Shika kofia. Naondoka."

Akaiwasha injini, wakakata maji yaliyokuwa yakifuka ukungu, baridi ikiwachuna mashavu.

Sasa, nikueleze ilivyokuwa asubuhi hiyo? Lilikuwa balaa. Vesta alisimama mbele pale alipozoea kumwona Delphia, mguu kwenye pedali, na boti ikazunguka kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Akaigonga kwenye kisiki. Akaitoa, akaigonga kwenye kisiki jirani. Barafu iliganda kwenye pete za fimbo ya kuvulia, mshipi ukakwama, ikabidi azinyonye pete moja moja kwa mdomo ndipo arushe tena. Na alipopata kurusha, alirusha kama Delphia: mbali, kwa nguvu, akavuta haraka, akarusha tena, akaenda mbele. Chambo hakikuguswa na samaki. Hata kuguswa!

Na nyuma kule Delphia alikuwa kama redio isiyozimwa.

"Pale, kwenye mti ulioanguka. Si pale, pale! Ungekuwa umeshafika. Upepo unakupeleka, kanyaga. Usikanyage sana. Ee Mungu wangu."

"Delphia."

"Nasema tu."

"Unasema tu tangu jua halijatoka."

Kule mbali, kwenye mdomo wa ghuba, waliuona wavu wa Hobert ukiinuka. Baada ya muda ukainuka tena. Sauti yake ilikuja juu ya maji, ikiwa safi na yenye furaha, na Vesta akatamani masikio yake nayo yawe na barafu.

Mchana wakafunga kamba kwenye mti mkavu uliosimama majini, wakatoa vipande vya mkate na soseji na chupa ya kahawa. Tangi la samaki lilikuwa tupu, maji yake yakijizungusha bure. Walikula bila kutazamana. Mwishowe Vesta akaweka mkate chini.

"Kwa nini nimesikia kwa Hobert?"

Delphia alitafuna mpaka kikaisha kilichokuwa mdomoni. "Kwa sababu nilijua utanitazama hivyo unavyonitazama."

"Jibu."

"Sitaki kuiona imelala bandani chini ya turubai, Vesta, na mimi dirishani na mkono huu. Itaniua. Heri iende kwa Hobert, angalau ivue."

"Na mimi je? Kumbe humu ndani ulikuwa peke yako miaka yote?"

"Nilidhani unapenda nyuma. Hujaomba mbele hata siku moja."

"Na wewe hujaniuliza hata siku moja."

Delphia naye akauweka mkate wake chini. Upepo ulikuwa ukiigongesha boti kwenye mti, polepole.

"Kweli," akasema. "Hilo ni kweli."

Kwa wengine neno hilo si kitu. Kwa Delphia Tackett lilikuwa kama kung'oa jino, na Vesta alilijua hilo. Lakini uchungu wake ulikuwa bado haujaisha.

"Ungeniambia kwamba naweza, ningefurahi mwaka mzima. Wewe ukaenda kumwambia Hobert, ngoja tuone kama ataweza. Imeniuma, Delphia. Imeniuma sana."

Delphia alijifuta macho kwa mkono mzima, akasingizia upepo. "Nimekosa," akasema. "Nimekosa, shoga yangu." Kisha, kwa kuwa hakuumbiwa kukaa mnyonge kwa muda mrefu, akaongeza, "Lakini unajua tangu asubuhi unavua kama nani? Kama mimi. Ila vibaya."

Vesta nusura amrushie chupa ya kahawa. Akaishia kucheka, kicheko kimoja kifupi kilichomponyoka kabla hajakizuia. Lakini lile neno lilimkaa kichwani.

Wakati huohuo boti ya Hobert ilitokea pembeni, ikiifuata barabara ya zamani. Maana chini ya bwawa lile barabara ya bonde bado ipo, pamoja na nguzo za ua na daraja dogo, na maji yanaposhushwa besi hujipanga kandokando yake. Kila mtu anajua. Hobert alikuwa mbele, akirusha na kuvuta, akirusha na kuvuta, chambo chake cha bati kikipiga kelele majini. Mwenzake nyuma akifanya vilevile. Wakirusha mara mbili mahali bila samaki kugusa, wanasonga. Vesta aliwatazama wakipita. Kisha akayatazama maji waliyoyaacha.

Maji yale aliyajua. Kwa miaka yote aliyokaa nyuma hakupewa mengine. Alijua kwamba besi wa baridi hakimbizi kitu. Kinachopita kwa makelele humkera tu, akashuka kutoka ukingoni mwa barabara, akatulia chini kidogo, amenuna. Ukimpa muda, kisha ukamlazia chambo cha mpira mbele ya pua, ukakiacha, ukakiacha mpaka mkono unataka kulia, hawezi kuvumilia. Hilo hakufundishwa na mtu. Aliligundua mwenyewe, nyuma ya mgongo wa Delphia, akila makombo.

Akafungua kamba.

Kumkata mtu mbele katika bwawa hilo ni tusi, watu hawasalimiani tena. Lakini kukaa nyuma yake, kwa umbali wa adabu, hakuna anayekuzuia, kwa sababu hakuna anayetaka. Vesta akaipeleka boti mpaka pale alipotoka Hobert, akakanyaga pedali taratibu, akakaa.

"Unafanya nini?" Delphia akashangaa. "Hapa Hobert ameshapita!"

"Hobert amepita. Mimi ndiyo kwanza nafika."

Akabadilisha fimbo, akafunga chambo cha mpira chenye chubwi ndogo, akarusha karibu tu, bila mbwembwe. Akakiacha kizame. Akangoja. Delphia alivuta pumzi kutaka kusema, akajizuia. Vesta alimsikia akijizuia.

Hobert aligeuka, akawaona. "Mama Abiria!" akapaza sauti. "Hata ukiwekwa mbele unakaa nyuma!"

"Wewe songa tu, Hobert! Nisafishie njia!"

Mshipi ukasogea pembeni. Hakuna kishindo, ni kama mtu aliyevuta uzi wa nguo kujaribu. Vesta akainua fimbo na fimbo ikapinda, ikabaki imepinda.

"Wavu!" akaita, na ndipo alipokumbuka kwamba mwenye wavu leo ni Delphia.

Delphia alikurupuka, akaunyakua kwa mkono wa kushoto, akaupiga majini kama anaua nyoka. Ukingo wa wavu ukampata besi mkiani. Samaki akaruka, akatikisa kichwa, ndoana ikachomoka. Maji yakatulia.

"Kichwa kwanza, Delphia! Kichwa kwanza! Nimekutolea samaki miaka yote, uliwahi kuniona namchapa hata mmoja?"

"Sikuwa naangalia."

"Najua hukuwa unaangalia!"

Delphia alisimama pale na wavu unaochuruzika, mtu mzima, mwanamke wa malori, na uso wake ulikuwa na aibu ya kweli. "Nionyeshe basi," akasema kwa sauti ndogo.

Vesta akamwonyesha. Wavu unauzamisha mapema, unatulia. Humfuati samaki; mimi ndiye nitakayekuletea. Akiingia kichwa, inua. Delphia akafanya mazoezi kwa mkono ule mmoja, akiuzamisha na kuuinua mtupu, akinung'unika. Alipokuja besi wa pili alipiga magoti kwenye deki yenye barafu, akauzamisha wavu, akangoja kama alivyoambiwa. Besi akaingia mwenyewe, mnene, mgongo wa kijani, na mstari mweusi ubavuni.

"Nimempata!" Delphia akapiga yowe. "Umeona? Umeona nilivyompata?"

"Nimekuona."

"Kazi ngumu hii, Vesta. Hujawahi kuniambia ni ngumu."

Vesta akainama chini ya deki ya mbele, akauvuta ule mto wa maua ya njano, akamrushia. "Kalia. Usije ukasema nimekutesa."

Wakaendelea hivyo, nyuma ya Hobert, kipande kwa kipande. Hobert akipiga kelele mbele, Vesta akilaza chambo nyuma. Wa pili kwenye tangi alitoka penye nguzo ya ua, wa tatu na wa nne palepale ambapo Hobert alikuwa amesimama muda mrefu na kuondoka akisonya. Na Hobert kila aliposikia yowe la Delphia aligeuka, na kila alipogeuka alirusha haraka zaidi, jambo ambalo Vesta hakulilaumu hata kidogo. Vidole vilikufa ganzi. Hakujali. Kuna raha ya kufanya kitu kwa namna yako mwenyewe mbele ya watu, na Vesta, katika umri wake, ndiyo kwanza alikuwa anaionja.

Jua lilipogusa mlima walifika penye daraja la zamani. Hobert alikwisha lipiga kila upande, akawasha injini, akaondoka kwenda kupimwa. Muda ulikuwa umebaki kidogo.

"Tuna wanne," Delphia akasema. "Wanne wazuri. Twende, tusije tukachelewa."

"Mrusho mmoja."

"Vesta."

"Nani yuko mbele?"

Delphia akauweka wavu magotini.

Vesta akakishusha chambo kwenye kivuli cha daraja lisiloonekana, akauacha mshipi ulegee. Akangoja. Akangoja mpaka Delphia akaanza kutikisa goti. Hakuna kilichovuta. Mshipi ulikuwa mzito tu, basi, kama uliokwama kwenye kigogo. Mtu mwingine angetukana na kuutikisa. Vesta alihesabu pumzi yake moja, akainua kwa nguvu zote, na kile kigogo kikaondoka zake kuelekea kilindini.

Alizungushwa huyo mama! Samaki alizama chini ya boti, fimbo ikapiga ukingo, Vesta akaizamisha ncha yake majini ili mshipi usikatike, akamzungusha mbele ya boti akichechemea juu ya nyaya za mota. Samaki akapanda juu, akafungua mdomo ambao ungemeza ngumi, akazama tena. Vesta hakuita wavu. Alipotazama, Delphia alikuwa amekwisha piga magoti, bega baya limebanwa ubavuni, mkono wa kushoto umezama mpaka kwenye kiwiko katika maji yale ya barafu, ametulia tuli.

"Kichwa kwanza," Delphia alikuwa akijinong'oneza. "Kichwa kwanza, kichwa kwanza."

Vesta akamleta. Akaingia kichwa. Delphia akainua, mkono ukashindwa na uzito, akauma kitambaa cha bega kwa meno na kuinua tena, mpaka besi, wavu, na Delphia mwenyewe wakaanguka pamoja ndani ya boti.

Delphia alikuwa amelala chali, maji yanamtiririka usoni, anamtazama samaki. Kisha akamtazama Vesta, kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona mgeni mlangoni na kumbe ni wa nyumbani.

"Ningekuwa mbele mimi," akasema, "tungekuwa tumeshaondoka hapa."

"Najua," Vesta akasema, na akacheka mpaka akaketi kwenye deki.

Walifika wa mwisho, lakini walifika kwa wakati. Harufu ya maharage na vitunguu ilikuwa imejaa mbele ya duka. Hobert alikuwa anaongoza kwa ratili kumi na tatu na nusu, kikaango amekileta kwenye gari amekifunga kwa taulo, na ilionekana wazi kwamba alikusudia kurudi nacho. Arvil akawachukua besi wa Vesta mmoja mmoja mpaka kwenye mizani. Wanne walipoingia, watu walisogea. Alipoingia yule wa darajani, mzee Arvil akavaa miwani.

"Kumi na nne na robo," akasema. "Wote hai."

Hobert akapiga mluzi. Akaja akamchungulia yule mkubwa, akamshika taya kwa adabu, akamrudisha majini mwenyewe, akamwangalia akienda. "Mmewatoa wapi hawa?"

"Nyuma yako," Vesta akasema.

Kicheko kilipasuka, cha kushika mbavu kama kile cha asubuhi, na safari hii Vesta alikuwa ndani yake. Hobert naye alicheka, maskini, masikio mekundu. Akaenda garini, akakifungua kikaango kwenye taulo, akamkabidhi. Kilikuwa kizito kuliko Vesta alivyodhani. Alikishika kwa mikono miwili, akakumbatia chuma kile cha baridi kifuani, na fahari ikamjaa. Hakujificha. Aliwaacha wamtazame.

Lakini kazi ilikuwa bado. Boti ilikuwa majini, na mpaka ipande trelani siku haijaisha. Wanaume walisimama kando ya mteremko na mabakuli yao ya maharage. Delphia akakaa kwenye usukani wa boti, mkono wa kushoto, akingoja mbali kidogo. Vesta akaingia kwenye pikapu, akaweka kikaango kiti cha pembeni, akashika usukani chini kabisa.

Hakuna aliyecheka. Na Delphia, huku anaona gurudumu linavyoelekea kwenye tope, hakusema neno. Watu walikuja kusimulia baadaye kwamba walimwona ameuma midomo. Vesta akauona ule ukingo wa tope kwenye kioo, akausogeza mkono inchi moja tu, na trela ikanyooka. Ikashuka katikati ya saruji, moja kwa moja, ikazama kwa utulivu mahali panapotakiwa. Delphia akaipandisha boti juu yake, na Vesta akawavuta wote wawili nje ya maji.

Hobert akaja, bakuli mkononi. Alisubiri Delphia ashuke. Delphia alishuka taratibu, kwa mkono mmoja, na ule mto wa maua ya njano kwapani.

"Sasa, shemeji," Hobert akauliza, "ile habari yetu ya boti vipi?"

Delphia akaupiga mto vumbi, akauweka vizuri kwapani, akaanza kuelekea kwenye maharage.

"Usiniulize mimi, Hobert," akasema. "Mwenyewe yuko pale kwenye usukani. Mimi abiria tu."